Kanda ya Kumi na Tano

“Karibu, dada. Keti.”

Maneno matatu tu. Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, msomaji wangu: Valarie Nafuna amesimama sebuleni kwa Bonny Otim, nyuma ya kilima cha Mulago, saa nne asubuhi, mkoba begani, na maneno hayo matatu yamemgandisha kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

Kwa aliyepitwa na gazeti, nimdokeze upesi. Nafuna ni mchapaji. Kwao ni Webuye, Kenya, na huu ni mwaka wake wa tano Kampala, katika ofisi ya Bwana Nashon Ondiek, ghorofani juu ya gereji moja ya Kisenyi. Kwa miezi miwili alikuwa akichapa kitabu cha maisha ya Bonny Otim, yule stelingi wa picha za video ambaye sura yake ilibandikwa kwenye kila kibanda kuanzia Nateete hadi mpakani Busia. Hakuwahi kumwona ana kwa ana. Dada yake Bonny, Koplo Adoch wa polisi, ndiye aliyekuwa akileta kanda za kaseti, mara moja kwa wiki, mara mbili. Nafuna alivaa hedifoni, akasikiliza, akachapa.

Na kwenye kila kanda ilikuwamo sauti ile. Nzito, yenye mkwaruzo kwa chini, kama gunia linaloburutwa juu ya saruji. Nafuna aliijua tangu shuleni, siku alizokuwa akitoroka mazoezi ya kwaya ili akamwone Bonny Otim akiwatisha majambazi kwa neno moja.

Sasa Bonny mwenyewe alikuwa mbele yake. Mabega yale yale, kovu lile lile juu ya jicho. Ila sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, inalia juu juu kama mlango wa kabati usiotiwa mafuta.

Nafuna aliketi.

“Umeshtuka,” Bonny alisema. “Watu yote wanashtuka. Ni koo. Walinipasua Nairobi, mwaka elfu mbili na tatu. Sauti ilibaki kule.”

“Pole, mzee.”

“Nimezoea.”

Elfu mbili na tatu! Nafuna alipiga hesabu kimoyomoyo. Sasa ilikuwa elfu mbili na kumi na mbili. Na kwenye kanda ya tatu msemaji alikuwa amesema, kwa kinywa kipana, kwamba mwaka huu Uganda inatimiza miaka hamsini ya uhuru. Mtu ambaye sauti yake iliondoka miaka tisa iliyopita ameyasema vipi hayo mwaka huu?

“Kitabu yangu umeleta?” Bonny aliuliza.

“Nimeleta.”

Lakini hakukitoa. Mkono wake ulikuwa umeushika mkoba kama mtu anayepita kwenye umati wa stendi ya teksi.

Bonny alicheka kidogo. “Unaogopa nini? Si maisha yangu? Nisomee. Miwani sijui Adoch ameweka wapi.”

Kutoka jikoni, vikombe vilivyokuwa vikigongana vilinyamaza ghafla.

Nafuna alitoa mswada, kurasa mia mbili na kumi na mbili zilizofungwa kwa kamba, akafungua sura ya kwanza, akasoma.

“‘Mwaka themanini na saba vita vilikuwa vimeisha mjini, lakini masikioni mwetu bado vilikuwamo. Siku hiyo walileta projekta kwenye kantini ya kambi ya polisi. Baba zetu walikaa kwenye mabenchi, sisi watoto mchangani. Bunduki ya kwanza ilipolia kwenye kile kitambaa cheupe, mimi Bonny, mtoto wa sajini, mwenye miaka kumi na mitano na ndevu mbili kidevuni, nilipiga mbizi chini ya benchi nikakumbatia mguu wa afande nisiyemjua.’”

Bonny aliangua kicheko. Alicheka mpaka akafuta machozi.

“Endelea, endelea!”

“‘Watu walicheka. Lakini rafiki yangu Ochan akasimama akawaambia: Mwacheni, ananitafutia kandambili yangu. Kisha akavua kandambili moja akaisukuma kwa mguu chini ya benchi, ili nitoke nayo mkononi.’”

Kicheko kilikatika.

Bonny alisogea mbele kitini. “Rudia hapo.”

Nafuna alirudia.

“Hii mimi sikuandika,” Bonny alisema polepole.

“Hukuandika, mzee. Ulisema.”

“Nilisema wapi?”

“Kwenye kanda.”

“Kanda gani?”

“Kanda za kaseti. Kumi na nne. Afande Adoch ndiye anayeleta.”

“Mimi nilimpa Adoch madaftari. Madaftari tatu, kwa mkono yangu.” Bonny aliinua vidole vitatu, akavitazama kama vya mtu mwingine. “Ndani nimeandika picha zangu, zawadi zangu, watu wakubwa nilisalimia. Hakuna benchi. Hakuna kandambili. Hiyo maneno ya kandambili watu wawili tu wanajua. Mmoja ni mimi.”

“Na wa pili?”

“Wa pili ni Ochan. Na huyo nilimzika.”

Bonny alimpokonya mswada mikononi, akainuka, akaingia chumbani kutafuta miwani.

Mlango wa jikoni ukafunguka papo hapo.

Adoch alikuwa katika sare zake za kazi, tayari kwa zamu ya mchana. Mkononi alikuwa na sinia ya chai. Aliiweka mezani taratibu, hata kijiko hakikulia. Kisha akainama karibu na sikio la Nafuna, kama anayemkaribisha sukari.

“Kibali yako ya kazi imebaki na siku ngapi?”

“Wiki tatu.”

“Basi sikiliza. Ukisema ile kanda iko na sauti ya mwanaume mwingine, wiki tatu hutazimaliza. Kesho uko Busia na begi yako. Umeelewa?”

“Afande, ni nani kwenye kanda?”

“Kunywa chai.”

Msomaji, Nafuna hakuinywa. Aliitazama ile chai, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili akaona jambo lililokuwa wazi mbele ya macho yake. Adoch hakuwahi kumruhusu ampigie Bonny simu. Adoch ndiye aliyechukua kurasa zilizokamilika akazirudisha zikiwa na neno “sawa” pembeni, na Nafuna akaamini kuwa sawa hiyo ni ya Bonny. Leo wameonana kwa bahati tu: Bonny alikuta namba ya ofisi kwenye bahasha, akapiga mwenyewe, akamwita. Lau bahasha ile ingechanwa, kitabu kingekwenda kwa mchapishaji Ijumaa na mwenye jina lake juu ya jalada asingejua kilichomo.

Sasa swali lilikuwa moja. Nani alikuwa akimtegea nani?

Bonny alirudi. Miwani ilikuwa usoni, na karatasi moja mkononi. Nafuna aliitambua kwa mbali, kwa vile ndiyo iliyomkosesha raha siku aliyoichapa. Sura ya tisa.

“Adoch,” Bonny alisema. “Simama hapo. Sikia kitabu yangu inasema nini.”

Akasoma kwa sauti yake ile nyembamba, na maneno yalionekana kama nguo kubwa iliyovalishwa mtoto.

“‘Asubuhi ile nililijaribu gari mwenyewe. Mguu ulikwenda mpaka chini. Breki hazikushika. Mbele yetu palikuwa na lile shimo la mawe lililojaa maji, na mwongozaji wa picha alitaka gari lije kasi lisimame ukingoni. Nikasema nina homa. Ochan akasema, nipe kofia yako, kwa nyuma hakuna atakayejua. Alipokwisha keti nikainama dirishani nikamwambia, endesha polepole, omera, ndugu yangu. Akaniuliza, kwani gari lina nini? Nikamjibu, hakuna.’”

Bonny aliishusha karatasi.

“‘Nikamjibu, hakuna,’” Bonny alirudia.

Nje, jirani alikuwa akipiga zulia kwa fimbo. Pa! Pa!

“Kaka,” Adoch alianza, na sauti yake ilikuwa laini ya kutisha, “ni wewe mwenyewe. Ukikunywa waragi unaongea peke yako hapo kwa kiti. Mimi nilianza kurekodi. Nilisema, huyu mtu anaumwa na hii kitu ndani, wacha itoke. Nisamehe.”

“Mimi?”

“Wewe, omera. Kila Jumamosi.”

Bonny aliketi. Uso ule ambao Kampala nzima iliujua kwa ujasiri ulikunjamana kama wa mtoto aliyepotewa na mama sokoni. Alikuwa anaanza kuamini! Nafuna aliona kwa macho yake mtu mzima akikubali kwamba miezi kadhaa amekuwa akijianika akiwa amelewa, mbele ya mashine, bila kumbukumbu hata chembe.

“Kumbe nimeharibika hivi,” Bonny alisema. “Sijui hata ninachosema.”

Nafuna alimtazama Adoch. Adoch alimtazama yeye. Macho ya koplo yalisema: Busia.

Sasa, wako watu ambao wangenyamaza, na nisingewalaumu. Wiki tatu ni wiki tatu. Lakini Nafuna alikuwa ameishi na maneno ya mtu huyu masikioni mwake kwa miezi miwili. Alijua mwanamke wa kwanza aliyempenda na jinsi alivyomtoroka kwa kupitia dirisha la choo. Alijua alivyolia kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi siku ya zawadi yake ya kwanza. Si rahisi kumjua mtu kiasi hicho kisha ukakaa tu huku anadanganywa.

“Mzee,” alisema, “si wewe.”

“Nyabo! We mama, nyamaza!” Adoch alifoka.

“Sauti iliyo kwenye kanda si yako, wala ya mlevi. Inasema ‘mimi Bonny’, kweli. Lakini ni ile sauti ya zamani. Ya kwenye picha zako.”

Bonny aliinua kichwa.

Kisha akafanya jambo ambalo Nafuna hakulitarajia. Alivua miwani, akaikunja, akasema kwa utulivu kabisa:

“Ile sauti ya picha haikuwa yangu, dada. Hata siku moja.”

Nafuna alidhani amesikia vibaya.

“Koo langu hakuna mtu alipasua. Mimi nilizaliwa hivi. Mungu alinipa sura, Ochan akampa sauti. Mimi nafungua mdomo mbele ya kamera, yeye anakaa gizani studio anaongea. Picha kumi na moja. Alipokufa nikasema nimepasuliwa koo, watu wakanionea huruma.” Alisimama. “Ziko wapi hizo kanda?”

“Ofisini, Kisenyi. Kwenye droo yangu.”

“Twende.”

Nafuna alipogeuka kumtafuta Adoch, sinia ilikuwa mezani, chai inafuka. Adoch hakuwapo.

*

Gari la Bonny lilikwama Wandegeya, likakwama tena karibu na stendi kubwa. Walipokuwa wamesimama nyuma ya lori la ndizi ndipo Bonny akauliza, akitazama mbele:

“Hiyo karatasi ya breki. Nani mwingine amesoma?”

Aliuliza kama anayeuliza saa.

“Bwana Nashon,” Nafuna alidanganya. “Na mchapishaji ana nakala.”

“Ah.”

Baada ya dakika chache aliuliza tena. “Nashon peke yake?”

“Na mchapishaji, mzee.”

Hapo ndipo wasiwasi mpya ulipomwingia. Huyu mtu anakwenda kuzisikiliza kanda, au anakwenda kuzichoma? Ni yeye aliyejua breki ni mbovu. Ni yeye aliyesema hakuna. Mtu aliyenyamaza mara moja ili aokoe ngozi yake, ni nani atakayemzuia asinyamazishe mara ya pili? Nafuna aliuangalia mlango wa gari upande wake. Kitasa chake kilikuwa kimevunjika. Ungeufungua kwa nje tu.

Walipofika Kisenyi, Bonny alizunguka akamfungulia. “Tangulia,” alisema. “Wewe unajua njia.”

Walipanda ngazi juu ya makelele ya mafundi wa bodi wakigonga mabati. Nafuna alisukuma mlango wa ofisi.

Adoch alikuwa ameshafika. Bodaboda haingoji lori la ndizi.

Aliketi kwenye kiti cha Nafuna. Droo ilikuwa wazi. Na sakafuni, kuanzia mezani hadi kwenye mashine ya fotokopi, ulitapakaa utepe wa kanda, kahawia, unaong'aa, umevutwa na kufumuliwa kama matumbo ya kuku siku ya sikukuu. Makasha kumi na manne ya kaseti yalikuwa yamepondwa kwa kisigino cha buti.

Bwana Nashon Ondiek alikuwa amejibana kwenye kona na kalenda ya ukutani, mikono juu, ijapokuwa hakuna aliyemwelekezea kitu.

“Valarie,” alisema, “mimi nilitoka Siaya kuja kuchapa kadi za harusi. Kadi za harusi! Huyu afande ameingia hapa, hajasalimia hata, ameanza kukanyaga vitu. Kama kuna kesi, mimi sijui kesi.”

Bonny alipiga magoti. Aliokota utepe kwa viganja viwili, kama mtu anayechota maji.

“Adoch. Kwa nini?”

“Kitabu ilishachapwa,” Adoch alijibu. “Kanda hazina kazi tena.”

“Ni sauti yake?”

“Sauti ya nani?”

“Usinifanye mjinga!” Sauti nyembamba ilipanda mpaka ikapasuka. “Kama ni Ochan, alirekodi lini? Amenikumbusha dirisha. Amenikumbusha nilichomwambia dirishani. Mle majini hatukupata mwili! Tulizika sanduku na suti yake!”

Adoch alikuwa anamtazama Nafuna, na Nafuna akafahamu sababu. Koplo alikuwa ameyahesabu makasha yaliyopondwa, na idadi haikutimia. Ijumaa iliyopita alikuwa ameleta kanda moja zaidi, ya kumi na tano, ya sura ya mwisho. Nafuna hakuwa ameichapa bado. Wala hakuwa ameiacha kwenye droo. Aliichukua kwenda nayo nyumbani pamoja na ile rekoda ndogo ya betri, ili aisikilize Jumapili baada ya ibada, kisha akashikwa na malaria ya siku mbili asiiguse.

Vyote viwili vilikuwa ndani ya mkoba begani mwake.

“Lete,” Adoch alisema, akinyoosha mkono.

“Valarie, mpe,” Nashon alisihi. “Chochote anachotaka, mpe.”

Nafuna alitia mkono mkobani. Aliishika rekoda. Alimtazama Adoch aliyekuwa mbele yake, akamtazama Bonny aliyepiga magoti, na hakuwa na hakika hata kidogo ni yupi kati yao anayestahili kuogopwa zaidi. Basi akafanya kile ambacho mchapaji hujua kufanya bila kufikiri. Alibonyeza kitufe.

Kelele za gereji zikawa kama zimerudi nyuma.

“Sura ya mwisho,” ilisema sauti.

Bwana Nashon aliishusha mikono. “Bonny Otim!” alinong'ona, maana ndivyo alivyoijua yeye, ndivyo tulivyoijua sisi sote. Lakini Bonny Otim alikuwa sakafuni, mdomo wazi, na mdomo ule haukuwa unasema kitu.

Adoch alipiga hatua. Bonny akanyanyuka akasimama katikati, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafanana na yule mtu wa kwenye picha.

“Mguse huyo dada,” alisema, “utanipita mimi kwanza.”

Sauti iliendelea.

“Mimi Bonny Otim nimesema yote. Nimesema wanawake, nimesema pombe, nimesema breki. Mtu akisoma kitabu hiki atasema, kweli huyu ni mwanaume, amejianika mwenyewe. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwako, omera. Nimekusemea picha kumi na moja. Hii ni ya kumi na mbili.”

Ilikohoa. Kikohozi kirefu, chenye maji ndani.

“Sasa nasema kwa mdomo wangu. Mimi ni Ochan, mtoto wa koplo, nyumba namba tisa, mlango unaotazama choo. Sikukuchukia. Nilijaribu sana, haikuwezekana. Lakini kuna kitu kimoja. Nilikuuliza gari lina nini. Ukasema hakuna. Nilijua unadanganya, kwa sababu ukidanganya unapangusa pua. Niliendesha nikijua. Nilifikiri, atanisimamisha. Atapiga kelele kabla sijafika. Nilikungoja mpaka ukingoni, Bonny. Nilikungoja hata ndani ya maji. Bado nakungoja uniambie lina nini.”

Utepe ulikuwa unazunguka, unasikika shhh, shhh.

Bonny aliisogelea rekoda iliyokuwa mkononi mwa Nafuna. Aliinama, kama alivyoinama dirishani miaka tisa nyuma. Machozi yalimdondoka juu ya kidole gumba cha mchapaji.

“Breki,” alisema. “Breki, omera. Haikushika.”

Hakuna aliyemcheka kwa kuzungumza na mashine. Bwana Nashon alikuwa amegeukia kalenda yake, mabega yanatikisika.

Adoch naye alikaa tena kitini. Ukali wote ulimtoka kama hewa ya tairi. Alipoongea, alikuwa mwanamke aliyechoka tu.

“Alitoka mwenyewe kwenye ile maji,” alisema. “Mguu imevunjika mara mbili, kifua imeumia. Alikuja kwangu Nateete akitambaa. Unajua alikuwa anataka kunioa. Nikasema nikuite. Akasema hapana, wacha anizike, nione kama atasema ukweli kaburini. Ukasimama pale ukasema ajali. Basi akakataa kutoka. Nilimficha miaka tisa nyuma ya duka ya kushona.”

“Nipeleke.” Bonny alikuwa ameshamshika mkono. “Adoch, nipeleke sasa hivi. Nitapiga magoti barabarani. Kitabu kitatoka hivyo hivyo, neno kwa neno, na jina yangu juu. Nipeleke tu.”

Adoch alitikisa kichwa.

“Kifua ilimaliza. Aliongea kanda zote mwezi wa kwanza, akanipa, akasema toa moja moja. Mwezi wa pili nilimzika, Bonny. Safari hii na mwili ndani.”

Bonny hakulia tena. Aliuachia mkono wa dada yake taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akateleza mpaka chini, akaketi kwenye utepe uliofumuliwa.

Nafuna alihisi haya. Ndiyo, haya! Siku nzima amewashuku hawa watu, huyu kwa kuua, huyu kwa kutega, kumbe ni ndugu wawili wenye marehemu mmoja. Alitaka kuizima rekoda. Alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe.

Shhh, shhh. Kisha mkwaruzo.

Sauti ilirudi. Haikuwa na kikohozi sasa. Ilikuwa ya chini, ya haraka, ya mtu anayenong'ona huku akiutazama mlango.

“Bonny. Ametoka kuchota maji, nina dakika moja. Adoch atakwambia nimekufa. Usimwamini. Hanifichi, omera. Amenifungia.”

Kanda iliishia hapo. Kitufe kilijirusha chenyewe: tak!

Bonny aliinua macho. Nashon akageuka kutoka kwenye kalenda. Nafuna, rekoda ikiwa bado kiganjani, alimtafuta Adoch pale alipokuwa ameketi.

Kiti kilikuwa kitupu. Koplo alikuwa mlangoni. Alikuwa amevua kofia ya kazi na kuiweka vizuri juu ya fotokopi, na sasa alikuwa anazungusha ufunguo kwa ndani, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Kaeni chini,” alisema. “Nyote watatu.”